Silaha Isiyomjua Bwana Wake

Utando unaoizunguka seli una unene wa nanomita 5 hivi. Tando kama hizo zaidi ya 10,000, zikipangwa moja juu ya nyingine, ndizo zingefikia upana wa unywele mmoja wa binadamu. Uhai umejengwa juu ya wembamba huo. Ndani ya seli kuna potasiamu nyingi na sodiamu kidogo, nje ni kinyume chake, na kalisiamu iliyoko nje huizidi ya ndani mara 10,000 hivi. Seli hutumia sehemu kubwa ya nishati yake, usiku na mchana, kuilinda tofauti hiyo. Kwa hiyo anayeweza kufungua tundu kwenye utando, hata la upana wa nanomita 1 au 2, hahitaji sumu nyingine. Potasiamu humwagika nje, kalisiamu huingia kwa kasi, maji hufuata chumvi, seli huvimba na mwisho hupasuka.

Njia hii ya kuua imezuka tena na tena miongoni mwa viumbe. Anayo bakteria wa nimonia, anayo amiba wa kuhara damu, anayo nyuki, ambaye sumu yake imejaa melitini, mnyororo mfupi wa asidi amino 26 tu. Chura wa kusini mwa Afrika, Xenopus laevis, hutoa molekuli za kutoboa kwenye ngozi yake kujikinga na vijidudu. Michael Zasloff alizigundua molekuli hizo mwaka 1987, baada ya kustaajabu kwamba vidonda vya vyura aliowapasua maabara vilipona vizuri ndani ya maji machafu. Na sisi tunazo: zimo ndani ya damu yetu, zimo kwenye seli zetu nyeupe, na kwa baadhi ya watu zinaharibu figo.

Wingi huo unanisukuma kusema jambo ambalo vitabu vya baiolojia hulipita mbio. Kutoboa ni kazi nyepesi. Kazi nzito, iliyochukua mamilioni ya miaka ya mageuzi, ni kuchagua utando wa kutobolewa na kumkinga mwenye silaha isimgeukie. Tundu lenyewe halichagui. Likifunguka kwenye kijidudu tumepona, likifunguka kwenye figo tumeugua, na protini ni ileile. Ukiyafuatilia maradhi yanayohusiana na protini hizi, utakuta karibu kila mara kwamba chanzo chake, na mara nyingi hata tiba yake, viko kwenye uchaguzi huo.

Kwanza tuone tundu linavyoundwa. Protini ya kutoboa huishi maisha mawili. Maisha ya kwanza ni ya majini: imejikunja, upande wake unaopenda mafuta umefichwa ndani, inaelea peke yake bila kumdhuru yeyote. Ikikutana na utando unaoifaa, inajishikiza, inakutana na wenzake waliofika hapo, na pamoja wanajipanga duara. Pete ikikamilika, au ikikaribia kukamilika, kila mmoja hukunjua sehemu aliyoificha, na sehemu hizo kwa pamoja huzama ndani ya mafuta ya utando na kuwa mrija. Idadi hutofautiana. Hemolisini alfa, sumu ya bakteria Staphylococcus aureus, huunganisha molekuli 7. Umbo lake lilichorwa atomu kwa atomu mwaka 1996 na Eric Gouaux na wenzake. Nyumolisini, sumu ya bakteria wa nimonia, hukusanya molekuli 40 hivi na kuacha tundu la nanomita 25 au zaidi, ambamo protini nzima hupita bila kugusa kingo.

Watu waliona matokeo ya matundu haya muda mrefu kabla ya kuyaona matundu yenyewe. Jules Bordet, Mbelgiji aliyekuwa akifanya kazi katika Taasisi ya Pasteur mjini Paris miaka ya 1890, alionyesha kwamba serumu ya damu huua bakteria kwa msaada wa vitu viwili: kingamwili zinazostahimili joto, na kitu kingine kinachoharibika serumu ikipashwa moto wa nyuzi 55 hivi. Hicho cha pili ndicho kikaja kuitwa komplementi, na Bordet alipewa tuzo ya Nobel ya 1919. Lakini komplementi huua vipi? Jibu lilisubiri hadi 1964, pale Borsos, Dourmashkin na Humphrey walipotazama seli nyekundu za damu zilizoshambuliwa, kwa hadubini ya elektroni. Juu ya tando kulikuwa na alama za mviringo, kila moja na kiini cheusi cha nanomita 10 hivi. Leo tunajua kwamba alama hizo ni protini tano, C5b, C6, C7, C8 na C9, zinazoungana kwa zamu, na kwamba C9 peke yake huchangia molekuli zipatazo 18 kwenye pete.

Mwaka 2007 ulileta habari ambayo hadi leo inanishangaza. Makundi mawili ya watafiti, moja la Australia na jingine la Uholanzi, yalichora umbo la sehemu ya kutoboa iliyomo kwenye protini za komplementi na za jamaa zao. Waliyoyaona yalikuwa yanajulikana tayari: ni umbo lilelile la sumu za bakteria kama nyumolisini. Mfuatano wa asidi amino ulikuwa umebadilika kiasi kwamba hakuna aliyekuwa ameushuku undugu huo. Silaha ya kinga yetu na silaha ya anayetushambulia zimetoka kwenye ukoo mmoja wa kale sana. Kama umbo ni moja, basi kinachomtenga mlinzi na muuaji lazima kitafutwe kwingine.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni perforini. Seli T za kuua, pamoja na seli zinazoitwa NK, huzunguka mwilini zikitafuta seli zilizoingiliwa na virusi au zilizogeuka saratani. Zikimpata mlengwa humng'ang'ania, kisha humwaga katika mwanya mwembamba ulio kati yao vifuko vyenye perforini na vimeng'enya viitwavyo granzaimu. Perforini hutoboa, granzaimu huingia na kuiamuru seli ijiue. Panya walioondolewa jeni ya perforini mwaka 1994 walishindwa kuviondoa virusi ambavyo panya wa kawaida huvimaliza. Mwaka 1999 ikabainika kwamba baadhi ya watoto huzaliwa hivyo hivyo. Seli zao za kinga humtambua adui, humshika, lakini haziwezi kumuua, na kwa kuwa hazipati ishara kwamba kazi imekwisha, huendelea kupiga kelele za kemikali hadi mwili mzima unawaka homa, ini na wengu vinavimba, na bila kupandikizwa uboho mtoto hufariki. Tundu lisilofunguka nalo huua.

Swali lililowasumbua wataalamu kwa miongo ni kwa nini muuaji hafi. Amesimama hapo hapo, perforini inamwagika kati ya tando mbili, na moja kati ya hizo ni yake. Sehemu ya jibu ni uhifadhi: ndani ya vifuko hali ni ya tindikali, na perforini haijishikizi kwenye utando bila kalisiamu huru na hali isiyo ya tindikali. Sehemu nyingine ilitoka Melbourne mwaka 2019. Upande wa utando wa seli T unaogusana na mlengwa umesongamana mafuta yaliyopangika kwa kubanana, na perforini inashindwa kujichomeka. Hata hizo chache zinazofika, hunaswa na aina ya mafuta yanayozibana na kuziharibu zisijiunge duara. Kinga ya muuaji, basi, imo kwenye mpangilio wa mafuta ya ngozi yake mwenyewe, jambo ambalo wengi waliokuwa wakitafuta protini maalumu ya kujilinda hawakulitarajia.

Kwa komplementi ulinzi ni wa namna nyingine. Protini zake zinatiririka kwenye damu yote na zinaweza kuangukia seli yoyote. Ndiyo maana seli zetu zimevaa protini ndogo iitwayo CD59, ambayo huizuia C9 kukamilisha pete. Kuna watu ambao jeni moja, PIGA, hubadilika ndani ya seli mama za uboho, na seli nyekundu zinazozaliwa hapo hazina uwezo wa kushikiza CD59 juu ya utando wao. Damu yao hutobolewa na kinga yao wenyewe, na mkojo wa asubuhi hutoka mweusi mithili ya kahawa. Mwaka 2007 Marekani iliidhinisha dawa ya ekulizumabu, kingamwili inayoishika C5 ili pete isianze kuundwa. Inafanya kazi vizuri, na kwa miaka mingi imetajwa miongoni mwa dawa ghali kuliko zote duniani. Lakini anayeitumia huongezewa hatari ya homa ya uti wa mgongo inayoletwa na bakteria meningokoki, kwa kiasi cha mara 1,000 hadi 2,000, kwa sababu bakteria huyo ni mmoja wa wachache ambao mwili unategemea hasa tundu la komplementi kuwaua. Lazima mgonjwa achanjwe kabla ya kuanza dawa, na hata akichanjwa hatari haiishi. Mgonjwa anayeishi kwenye ule ukanda wa homa ya uti wa mgongo, unaotoka Senegal hadi Ethiopia, ana sababu kubwa zaidi ya kuogopa, na ni dhahiri kwamba dawa hii haikubuniwa kwa kumfikiria yeye.

Kuna pia matundu ambayo seli hujitoboa yenyewe, na hapa nitapita haraka ingawa fani hii imekua sana. Tangu 2015 tunajua kwamba seli ikigundua bakteria ndani yake hukata protini iitwayo gasdemini D, na kipande kinachobaki hutoboa utando kutoka ndani. Seli hufa, bakteria hupoteza maficho, na ishara za hatari humwagika kuwaita walinzi. Ikitokea kwa seli chache, mwili hupona. Ikitokea kwa seli nyingi kwa mpigo, huchangia hali ile ya maambukizi kusambaa kwenye damu ambayo madaktari wa vyumba vya wagonjwa mahututi huihofia kuliko nyingi.

Nje ya mwili, mfano ninaoupenda ni wa mkulima na mbu. Bakteria wa udongoni Bacillus thuringiensis aligunduliwa Japani mwaka 1901 na Shigetane Ishiwata, akiwa anaua viwavi wa hariri, na mwaka 1915 Ernst Berliner akampa jina la jimbo la Thüringen nchini Ujerumani. Bakteria huyo hutengeneza fuwele za protini ambazo si sumu zikiwa nzima. Mdudu akizila, utumbo wake wenye hali ya alkali huziyeyusha, vimeng'enya vyake huzikata, na vipande hujishikiza kwenye vipokezi maalumu vya utumbo wake. Hapo ndipo pete huundwa. Utumbo hutoboka, mdudu huacha kula, hufa. Masharti ni matatu, na yote hutimizwa na mdudu mwenyewe: alkali, kimeng'enya, kipokezi. Tumbo la binadamu ni la tindikali, nasi hatuna vipokezi hivyo. Katika mijadala mikali ya Kenya kuhusu mahindi na pamba yenye jeni za bakteria huyu, hasa baada ya serikali kuondoa katazo Oktoba 2022, wengi waliuliza: kinachomuua kiwavi kitaniachaje mimi? Ni swali la haki, na jibu lake limo katika masharti hayo. Wanaohoji nani atamiliki mbegu wana hoja nyingine kabisa, ambayo jibu hili haliigusi.

Aina ya bakteria huyo inayoua viluwiluwi vya mbu ilipatikana mwaka 1976 kwenye jangwa la Negev, Israel, na leo inatengenezwa Kibaha, mkoa wa Pwani, katika kiwanda kilichojengwa kwa ushirikiano wa Tanzania na Cuba. Kiwanda hicho hutengeneza pia viuadudu vya bakteria mwingine, Bacillus sphaericus. Tofauti ya hao wawili inafundisha. Sphaericus hutegemea kipokezi kimoja kwenye utumbo wa mbu. Mbu akibadilisha kipokezi hicho, sumu inakosa pa kushika, na mbu wa jamii ya Culex wameshafanya hivyo katika nchi kadhaa. Yule wa Negev ana protini nne tofauti, na moja kati yake, Cyt1A, hujishikiza moja kwa moja kwenye mafuta ya utando na kuwa kipokezi cha wenzake. Usugu wa kudumu dhidi ya mchanganyiko huo ni nadra mno hata baada ya miongo ya matumizi. Anayenunua viuadudu kwa ajili ya halmashauri yake angefaa kuijua tofauti hii kabla ya kutazama bei.

Wakulima wa Afrika Kusini waliupata usugu kwa uchungu. Mahindi yao yalikuwa na protini moja, Cry1Ab, na mwaka 2007 ikaripotiwa kwamba funza wa mabua, Busseola fusca, anastawi ndani yake. Wengi hawakuwa wamepanda ukanda wa mahindi ya kawaida pembeni, ambako funza wasio na usugu wangeendelea kuzaana. Serikali yoyote ya kanda yetu inayoidhinisha mbegu hizi bila kusimamia ukanda huo inauza silaha itakayobutuka mikononi mwa mkulima, na mkulima ndiye atakayelipa.

Kuna tundu moja ambalo binadamu ameligeuza kuwa chombo. Januari 1928, mjini Bundaberg, Australia, watoto 21 walidungwa sindano ya kuzuia dondakoo kutoka kwenye chupa iliyokuwa imeingia bakteria Staphylococcus. Watoto 12 walikufa. Daktari kijana, Macfarlane Burnet, alishiriki uchunguzi, na msiba huo ulimwelekeza kwenye sumu za bakteria huyo, ile hemolisini alfa miongoni mwake. Mwaka 1996, miaka 68 baadaye, watafiti wa Marekani walipitisha uzi mmoja wa DNA katika tundu la hemolisini hiyohiyo huku wakipima mkondo wa umeme unaopita humo. Kutokana na wazo hilo vikazaliwa vifaa vidogo vya kusoma vinasaba, ambavyo leo hutumia protini nyingine ya bakteria. Kilifi, Kenya, watafiti walivitumia kufuatilia aina za virusi vya korona. Tanzania, Uganda na Kenya vimewahi kupelekwa hadi shambani kutambua virusi vya mihogo siku hiyohiyo. Tundu linaloua likishikwa kwenye utando wa maabara, ambako hakuna wa kufa, linakuwa jicho.

Lakini mfano ulio karibu nasi zaidi, na wenye mambo mazito zaidi, ni wa malale.

Mwaka 1902 Mfaransa Alphonse Laveran alidunga serumu ya binadamu kwenye panya waliokuwa na vimelea vya Trypanosoma brucei, na vimelea vikatoweka kwenye damu. Vimelea hivyo huua ng'ombe na farasi kwa nagana, lakini havimwezi binadamu. Hata hivyo mbung'o walikuwa wakieneza malale kwa watu: mlipuko wa 1900 hadi 1920 kandokando ya Ziwa Victoria, hasa Busoga, uliua zaidi ya watu 200,000. Mwaka 1910 Stephens na Fantham walieleza aina ya kimelea aliyetoka kwa mgonjwa wa bonde la Luangwa, wakamwita rhodesiense. Chini ya hadubini hakutofautiana na yule wa ng'ombe. Je, ni kimelea kimoja au wawili? Mwaka 1934, huko Tinde, Shinyanga, maafisa wa kikoloni wa Tanganyika walianza kumpitisha rhodesiense kwa kondoo na swala kupitia mbung'o, na kila baada ya muda walimjaribu kwa binadamu kuona kama bado anaambukiza. Aliendelea kuambukiza kwa zaidi ya miaka 18. Mwili wa mtu ndio ulikuwa kipimo, na hakuna kamati ya maadili ambayo leo ingeruhusu hilo. Hadi 1970 ndipo Rickman na Robson walipopata njia ya kutumia damu ya binadamu ndani ya mrija na panya wa maabara badala yake.

Siri ya serumu ilifunuliwa mwaka 2003, huko Ubelgiji: ni protini iitwayo APOL1, nayo hutoboa. Namna inavyomfikia kimelea inapendeza kuisimulia. Tripanosoma anahitaji madini ya chuma kutoka kwenye himoglobini yetu, na ana kipokezi cha kuinasa. Mwili wetu umetengeneza protini inayofanana na ile anayoitafuta, umeishikamanisha na APOL1 kwenye chembe za mafuta ya damu, zile ambazo madaktari huziita kolesteroli nzuri. Kimelea huimeza kama samaki amezavyo chambo, na ndoana imo ndani. Katika vifuko vyake vya tindikali APOL1 huingia kwenye utando, na njia za ayoni zikifunguka kimelea huvimba hadi kupasuka.

Rhodesiense alijibu. Ana jeni moja ya ziada, SRA, inayotengeneza protini ya kuikamata APOL1 kwa mkia wake kabla haijatoboa. Jeni moja tu ndiyo inayomfanya kimelea wa ng'ombe awe kimelea wa watu, na kwa kuwa ng'ombe hubeba aina zote mbili, ugonjwa husafiri na mifugo. Mwaka 1998 malale yalizuka Soroti, Uganda, mahali ambapo hayakuwa yamezoeleka, na uchunguzi ulielekea kwenye ng'ombe walioletwa mnadani kutoka maeneo yenye ugonjwa. Nyani wa porini wao hawaambukizwi na rhodesiense, kwa sababu APOL1 yao ina mkia ambao SRA haiwezi kuushika.

Baadhi ya wanadamu nao wana mkia tofauti. Mwaka 2010 Martin Pollak wa Boston na wenzake walitangaza aina mbili za APOL1, wakaziita G1 na G2, ambazo zikiwa kwenye serumu humuua rhodesiense. Walizipata wakitafuta kitu kingine kabisa: kwa nini Wamarekani weusi huugua figo hadi kushindwa kufanya kazi mara nyingi kuliko wazungu. Mtu mwenye nakala mbili za aina hizo, moja kutoka kwa kila mzazi, ana hatari kubwa zaidi ya figo zake kuharibika, na akiwa na virusi vya Ukimwi bila matibabu hatari hiyo hupanda sana. Wamarekani weusi wapatao 13 kati ya 100 wana nakala mbili. Miongoni mwa Wayoruba wa Nigeria, G1 ilipatikana kwenye karibu asilimia 40 ya kromosomu zilizopimwa. Wanaofahamu habari ya selimundu, ambayo Anthony Allison aliifafanua mwaka 1954 kwa utafiti wake Afrika Mashariki, wataitambua hali hii: nakala moja inaokoa, mbili zinagharimu.

Hapa kuna fumbo ambalo maelezo mepesi ya magazeti hulisahau. G1 imejaa Afrika Magharibi, lakini rhodesiense anaishi mashariki. Kule magharibi yuko kimelea mwingine wa malale, gambiense, ambaye hujikinga kwa njia nyingine na ambaye G1 haimuui. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulisaidia kulielewa. Uganda, wenye G2 walikuwa na hatari ndogo ya kuugua malale ya rhodesiense, pungufu kama mara tano. Guinea, wenye G1 waliambukizwa gambiense lakini wengi walikaa bila dalili, wakati wenye G2 waliumia zaidi. Tundu moja, mikia tofauti, vimelea tofauti, na mizania inabadilika kutoka nchi hadi nchi. Anayesema G1 na G2 ni kinga ya malale, akaishia hapo, anasema nusu ya habari.

Kwa figo, uharibifu unaonekana kuanzia kwenye seli ziitwazo podositi, zinazochuja damu. Ndani yake APOL1 ya aina ya G1 au G2 huvujisha ayoni kupita kiasi, hasa mwili unapokuwa na maambukizi yanayoiamsha jeni hiyo. Kwa hiyo wazo likaja la kuliziba tundu lenyewe. Mwaka 2023 yalitoka matokeo ya inaksaplini, kidonge kinachozuia njia ya ayoni ya APOL1. Wagonjwa walikuwa 16 tu, wote wenye nakala mbili na protini nyingi kwenye mkojo, na baada ya wiki 13 protini hiyo ilipungua kwa wastani wa karibu nusu. Kwa watu ambao njia yao ya pekee ilikuwa mashine ya kusafisha damu, mara kadhaa kwa wiki, kwa gharama ambayo familia nyingi za Afrika haziimudu, hizi ni habari za kweli za matumaini, na majaribio makubwa zaidi yamefuata.

Ila dawa hii inaziba tundu ambalo ndilo linalotukinga na kimelea wa ng'ombe. Tunajua kinachotokea mtu akilikosa kabisa: mkulima mmoja wa India aliyekuwa na jeni mbili mbovu za APOL1 aliugua kwa Trypanosoma evansi, kimelea wa wanyama ambaye kwa kawaida hamwezi mtu, na akaponywa kwa suramini. Mgonjwa wa figo anayekaa Chicago hana mbung'o wa kuogopa. Mgonjwa wa figo anayechunga ng'ombe karibu na Serengeti, au Busoga, au kando ya Luangwa, anaumwa na mbung'o, na sehemu ya mbung'o hao wamebeba Trypanosoma brucei ambaye leo huuawa na damu ya mgonjwa huyo bila mwenyewe kujua. Je, kwa dozi inayookoa figo, serumu yake itaendelea kuua? Kabla dawa za aina hii hazijaletwa kwenye hospitali zetu za rufaa, swali hili linapaswa kujibiwa kwa damu ya wagonjwa wanaozitumia, na si lazima lijibiwe mbali. Linahitaji serumu, vimelea hai, mirija na hadubini, na watu wa kuhesabu vimelea vinavyobaki kesho yake asubuhi. Tororo, Muguga na Tanga kuna taasisi ambazo zimekuwa zikiwashughulikia tripanosoma kwa miongo mingi.